Mtu asiyefukuzika: vibarua wa bandari na migomo ya Mombasa na Dar es Salaam

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1947 Mombasa iliamka na kukuta kazi zimesimama. Kilindini, bandari kuu ya mji, winchi zilinyamaza, reli ikakosa watu, hotelini hapakuwa na wa kumhudumia mgeni, na kwenye majumba ya Wazungu wapishi na maboi hawakuonekana. Waliogoma walikaribia 15,000, sehemu kubwa ya Waafrika wote waliokuwa wameajiriwa mjini, na waligoma siku kumi na mbili.

Ukiutazama mgomo huo kwa macho ya leo kuna kitu hakikai sawa. Tumezoea kuambiwa kwamba mgomo huanza na chama, chama huishi kwa ada, na ada hutoka kwa mtu mwenye mshahara wa uhakika. Wagomaji wa Mombasa hawakuwa na chama kilichosajiliwa wala mfuko wa mgomo. Walioishika bandari, ambayo ndiyo koo la uchumi wa Kenya na Uganda, wengi walikuwa vibarua wa kutwa: leo yupo, kesho hajulikani. Kwa hesabu ya kawaida hao ndio wanyonge kuliko wote. Lakini serikali iliwaogopa kuliko ilivyomwogopa karani mwenye kiti chake ofisini.

Vitabu vya shule huiweka migomo hii kwenye sura ya kuibuka kwa utaifa, aya moja au mbili, kisha msomaji anaharakishwa kwenda kwa TANU na KANU, vyama vilivyoingia na Uhuru Tanganyika na Kenya. Sikatai kwamba uhusiano upo. Ila ukiifanya migomo kuwa kituo tu cha njiani kuelekea Uhuru, hutaona kilichowapa watu wale nguvu, wala hutaelewa kwa nini nguvu hiyo ilikwisha haraka baada ya wao kupata vyama na nyongeza walizozipigania, pamoja na vitambulisho walivyopewa.

Asubuhi moja bandarini

Tuanze na kazi yenyewe. Meli hazikuja kwa ratiba ya basi. Wiki moja zingetia nanga nne tano, wiki ya pili moja au hakuna. Makampuni ya kupakia na kupakua hayakutaka kumlisha mtu siku isiyo na meli, kwa hiyo yaliajiri kwa kutwa. Alfajiri watu walikusanyika, nyapara akachagua genge lake, genge likaingia kazini, na zamu ikiisha kila mtu alilipwa ujira wake, wakaachana. Hakukuwa na kudaiana.

Dar es Salaam kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu gati za maji marefu zilikamilika mwaka 1956 tu. Kabla ya hapo meli kubwa ilitia nanga katikati ya bandari. Genge moja lilishuka tumboni mwa meli kufunga mizigo kwenye kamba za winchi, jingine liliipokea ndani ya matishali, matishali yakavutwa hadi ufukweni, na huko makuli wengine wakaibeba hadi ghalani. Mzigo mmoja ulipita mikono mingi, na mkono wowote ukilegea meli nzima inangoja. Meli inayongoja ni hasara inayohesabika kwa siku. Katani inakaa, kahawa inakaa, mabehewa yanajaa na hayana pa kumwaga. Mombasa ilikuwa na gati za maji marefu Kilindini tangu miaka ya 1920, lakini huko nako haraka ya meli ilikuwa ile ile.

Kwa mwajiri, kibarua alikuwa na faida ya wazi: hana nyumba ya kujengewa, hana posho ya kila siku, hana matibabu. Nyuma ya utaratibu huo palikuwa na nadharia ambayo serikali za kikoloni ziliirudia kila mahali, kwamba mfanyakazi wa Kiafrika ni kapera wa muda tu mjini, mke na watoto wanakula shamba, kwa hiyo ujira umtoshe yeye peke yake.

Sasa mgeukie kibarua. Ujira wake wa kutwa, ukiulinganisha siku kwa siku, ulizidi wa mwenye mshahara wa mwezi. Wengi hawakufanya kazi hata nusu ya siku za mwezi. Mzaramo wa Dar es Salaam alikuwa na muhogo na minazi yake nje kidogo ya mji. Mdigo au Mgiriama angeweza kuingia Mombasa msimu mmoja na kurudi kulima msimu mwingine. Aliyetoka mbali zaidi alipanga chumba Majengo, mtaa wa Waafrika mjini humo, katika nyumba ya Mswahili, na mwenye nyumba alitaka kodi yake tu, hakuuliza leo umekwenda bandarini au hukwenda. Mweke kando yake mtu wa reli aliyekaa kwenye landhi, yaani nyumba za mwajiri wake. Huyo akigoma asubuhi, jioni anaweza kukuta vyombo vyake nje.

Kuna na jambo la sheria, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote ingawa husahaulika. Sheria za mabwana na watumishi, Kenya na Tanganyika, zililifanya kosa la jinai tendo la mfanyakazi kuacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha. Mwenye mkataba wa mwezi au wa siku thelathini za kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi, akitoroka alishtakiwa, akapigwa faini au kufungwa. Mkataba wa kibarua ulikwisha jua likizama. Kesho asipotokea hajavunja mkataba wowote, maana haupo. Utashtaki nini? Utamfukuza kazi gani? Waajiri walijitengenezea wenyewe mtu asiyefukuzika.

Njia ya kufika 1947

Nguvu hiyo ilikuwa na tundu, na lilionekana mapema. Mwaka 1934 watu wa bandari Mombasa waligoma kupinga kupunguzwa ujira. Julai 1939 vibarua wa bandari ya Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo wao haukufika mbali: kama wewe hufukuziki kwa kuwa huna ajira, basi na yule aliyesimama nyuma yako kwenye foleni anaweza kuchukua nafasi yako bila kuulizwa chochote. Kibarua peke yake anazibwa pengo kwa saa moja. Alihitaji mji mzima uwe upande wake.

Mwaka huo huo, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, Mombasa ilionyesha jinsi mji mzima unavyoweza kuingia. Safari hii bandari haikuwa ya kwanza. Wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali ndio walioanza, wengine wakafuata, kisha bandari ikajiunga. Kero kubwa ilikuwa nyumba: kodi zimepanda, vyumba vimejaa. Waajiri wakatoa posho ya nyumba, serikali ikaunda tume, ile iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Willan, na tume ikaeleza kwa maandishi kile ambacho kila aliyepanga Majengo alikijua.

Vita Kuu ya Pili ilileta bei za juu na uhaba wa chakula na nguo. Ilileta pia kanuni za dharura, na zile kanuni ziliziba mwanya ule wa sheria, kwani mgomo katika kazi zilizoitwa za lazima ukawa kosa hata kwa kibarua. Watu wa bandari ya Dar es Salaam waligoma hata hivyo, Agosti 1943, na wengine wakakamatwa. Mwaka 1944 vibarua wa Mombasa waliandikishwa kwa kanuni za wakati wa vita. Ilikuwa hatua ya kwanza ya jambo ambalo tutalirudia.

Halafu ikaja Januari 1947. Siku za mgomo watu walikutana kwenye uwanja wa mpira ulioitwa Kiwanja cha Maskini, maelfu kwa maelfu, siku baada ya siku. Hapo ndipo habari zilipopokelewa na maamuzi yalipotolewa. Chama kilizaliwa ndani ya mgomo wenyewe: African Workers' Union, muda mfupi baadaye kikabadilishwa jina kuwa African Workers' Federation. Kwa maneno mengine mgomo ndio uliozaa chama. Aliyekuja kuwa sauti yake, Chege Kibachia, alikuwa kijana aliyesoma shule ya sekondari ya Alliance, hakuwa kuli. Wala jina la chama halikutaja kuli, karani au mpishi. Lilitaja wafanyakazi, na ndivyo mgomo wenyewe ulivyokuwa.

Madai yao yanastahili kusomwa polepole. Walilalamikia kwamba Mwafrika halipwi sawa na watu wa rangi nyingine wanaofanya kazi ile ile. Walilalamikia upendeleo na dharau kazini. Walidai posho kwa ajili ya wake na watoto, na wakasema gharama za maisha hazitazamwi. Katikati ya hayo kuna shtaka moja ambalo halifanani na mengine, kwamba kuna mbinu za makusudi za kumweka Mwafrika katika umaskini ili asipate nafasi ya kuacha kazi hata siku moja. Dai hilo linakwenda mbali kuliko shilingi. Limeandikwa na watu walioijua thamani ya siku ya kutokwenda kazini, na waliotambua kwamba kuna watu mjini wanaotaka kuwanyang'anya siku hiyo.

Watu husema mgomo ule ulijizusha. Sipendi neno hilo. Watu 15,000 hawaamki siku moja wakiwa na wazo moja bila kuwapo njia za kuwafikia. Mji wa pwani ulikuwa na vyama vyake kabla ya chama cha wafanyakazi: vyama vya kuzikana, vyama vya watu wa kabila au wilaya moja, timu za mpira, na vikundi vya ngoma vyenye vyeo, sare na daftari la michango. Beni, ngoma iliyoanzia pwani hii ya Lamu na Mombasa, ilisafiri na askari na vibarua hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na wachimbaji walipogoma huko Mei 1935, na sita kuuawa kwa risasi Luanshya, tume ya uchunguzi ilitumia muda mwingi kuuliza habari za ngoma hiyo. Wakubwa waliishuku kupita kiasi, nadhani, lakini walikuwa wamenusa kitu cha kweli: watu wanaojua kupanga gwaride la ngoma wanajua pia kupitisha habari, kukusanya senti na kumwadhibu anayewasaliti.

Mgomo ulikwisha tarehe 24 Januari kwa suluhu. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alikwenda Mombasa kuwashawishi watu warudi kazini kwa ahadi ya baraza la usuluhishi. Baraza likaongozwa na Jaji Ransley Thacker, yule yule atakayemhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria miaka sita baadaye. Nyongeza zilitolewa. Kibachia hakuachwa aende mbali: Agosti 1947 alikamatwa, akapelekwa Kabarnet, Baringo, na kuwekwa huko kwa takriban miaka kumi. Mwezi uliofuata, kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands, karibu na Limuru, polisi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma, watatu wakafa.

Wakati huo huo moto ulikuwa umevuka mpaka. Tarehe 6 Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, siku chache baadaye mji mzima ukawafuata, kisha mgomo ukapanda reli ya kati: Morogoro, Dodoma, Tabora, na pembeni Kongwa, ambako Waingereza walikuwa wameanza kumwaga mamilioni kwenye mradi wao wa karanga. Ulikuwa mgomo wa nchi, ukifuata mataluma kama mzigo. Baraza la usuluhishi liliwapa watu wa bandari nyongeza ya kati ya asilimia 40 na 50, wakawa miongoni mwa wafanyakazi waliolipwa vizuri kuliko wote Tanganyika. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar, na huko pia bandari ndiyo iliyoanza.

Kumfunga kwa kamba ya dhahabu

Hapa ndipo simulizi nyingi husema: wafanyakazi walishinda. Walishinda kweli. Lakini tuangalie waajiri na maofisa wa kazi walijifunza nini.

Walijifunza kwamba mtu asiye na cha kupoteza ni mtu wa hatari, na kwamba dawa yake ni kumpa cha kupoteza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1940 maofisa wa idara za kazi walianza kuzungumza lugha ambayo miaka kumi nyuma ingewatia aibu: mfanyakazi apewe ujira wa kumtosha na familia yake, aandikishwe, ajulikane kwa jina na namba, afanye kazi kila siku, na awe na chama kinachokaa mezani. Kenya ililetewa mshauri wa vyama vya wafanyakazi kutoka Uingereza, James Patrick, afundishe namna ya kuendesha chama kisichogusa siasa. Baadhi ya maofisa hao waliamini kwa dhati kwamba wanatenda mema, na kwa upande fulani waliyatenda. Ila mradi wenyewe ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kumwondoa yule kibarua anayeweza kukaa nyumbani Jumanne bila kuomba ruhusa.

Dar es Salaam mambo yalikwenda mbio. Baada ya mgomo wa 1947 chama cha makuli kilisajiliwa, na miongoni mwa makatibu wake akawemo Abdulwahid Sykes, ambaye baadaye alikuwa kati ya waasisi wa TANU. Alikuwapo pia mjini Erika Fiah, mwenye duka, mzaliwa wa Uganda na mhariri wa gazeti la Kwetu, aliyekuwa amewapigia kelele wakubwa tangu miaka ya 1930. Chama kikawa na ofisi, fedha na uongozi. Kila anayependa haki ya mfanyakazi angefurahi.

Kisha likaja suala la lango. Waajiri na serikali walijenga ua maalumu ambamo vibarua walioandikishwa wangeingia asubuhi na kuchaguliwa kwa utaratibu mpya. Kwa mtu wa nje ni jambo dogo: ua, lango, kitambulisho. Kwa kuli ni swali la nani anaamua nani ale leo. Zamani, pamoja na uonevu wote wa nyapara, watu walisimama mahali pa wazi, wakiitana, wakikatazana. Sasa idadi inawekwa na ofisi, na asiye na namba hasogei. Chama kilisema kama lazima liwepo lango, basi wenye kulisimamia tuwe sisi. Kikakataliwa.

Mgomo ulianza tarehe 1 Februari 1950. Ndani ya siku mbili ukageuka mapambano mitaani kati ya makuli na polisi. Watu wengi walifungwa, na kabla ya mwaka kwisha chama kilivunjwa mahakamani. Serikali iliyokuwa imekisajili ndiyo iliyokifuta.

Linganisha 1947 na 1950. Mwaka 1947 serikali ilimtafuta wa kumkamata, na mgomo ukawa kila mahali. Mwaka 1950 ilikuwa na anwani ya ofisi, orodha ya viongozi, akaunti ya kufungia na sheria ya kufutia. Wakati huo huo walioandikishwa walikuwa na namba ya kupoteza, na ambao hawakuandikishwa walikuwa nje wakiitamani. Tofauti hiyo ndogo kati ya makuli wawili wa mtaa mmoja ilifanya kazi ambayo polisi peke yao hawangeweza kuifanya.

Nairobi mwaka huo huo iliona sura nyingine ya jambo. Shirikisho la East African Trade Union Congress, lililoundwa Mei Mosi 1949, liliongozwa na Fred Kubai na Makhan Singh, na Singh alikuwa amesimama katika ukumbi wa Kaloleni Aprili 1950 kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki waziwazi, wakati wanasiasa wengi bado walikuwa wakiomba viti. Wawili hao walikamatwa tarehe 15 Mei. Kesho yake Nairobi ikagoma, kwa zaidi ya wiki. Makhan Singh hakuachiwa hadi Oktoba 1961. Simtaji ili kumsifu tu, ingawa anastahili. Namtaja kwa sababu hapo serikali ilionyesha mpaka wake: chama cha kudai shilingi kitavumiliwa, chama cha kudai nchi hakitavumiliwa.

Mombasa ilifungwa polepole zaidi, na labda kwa sababu hiyo ilifungwa vizuri zaidi. Katikati ya miaka ya 1950 vibarua waliwekwa kwenye orodha moja, na sharti likawa kufika kazini siku za kutosha kila mwezi. Usipofika, jina linakatwa. Soma sharti hilo kwa macho ya yule Mdigo mwenye minazi: ule uhuru wake wa kuja na kuondoka ndio uliogeuzwa kuwa kosa. Wengi wa watu wa pwani waliokuwa wakichanganya shamba na bandari walijikuta nje, na kazi ikawa ya wale waliokuwa tayari kuifanya kila siku, wengi wao wakitoka bara. Migogoro ya baadaye ya pwani kuhusu nani anaajiriwa bandarini ina mizizi mingi, na huu ni mmoja ambao hautajwi.

Machi 1955 watu wa bandari ya Mombasa waligoma tena. Safari hii alitokea Nairobi kijana wa miaka 24, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Tom Mboya, akaketi na waajiri, akawaomba watu warudi kazini, na mwisho wake ukawa nyongeza ya asilimia 33. Ndio mgomo uliomjengea Mboya jina. Hakuna haja ya kuudharau ushindi huo, kwani familia nyingi zilikula vizuri zaidi kwa sababu yake. Lakini ulikuwa ushindi wa aina nyingine. Uliamuliwa mezani, na watu wanaojua kusoma hesabu za kampuni. Kwenye Kiwanja cha Maskini kila mtu alikuwa mjumbe.

Mbona Uhuru haukuwarudishia?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na jibu la haraka ni usaliti. Mimi naona jibu hilo linaruka hatua moja.

Mtazame Rashidi Kawawa. Mwaka 1955 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lilipoundwa, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu, na ilikuwa chini ya serikali yake kwamba mwaka huo sheria zilipitishwa zilizoufanya mgomo halali kuwa karibu hauwezekani. Christopher Tumbo wa chama cha reli, aliyepinga vyama kumezwa na serikali, alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu, na baadaye akawekwa kizuizini. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wa vyama wapatao 200 walikamatwa, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa huyo huyo Waziri wa Kazi. Anayedai na anayedaiwa wakavaa kofia moja. Kenya ilifika karibu na hapo mwaka 1965 kwa kuunda COTU, shirikisho moja la vyama vya wafanyakazi, ambamo Rais alipewa sauti katika uteuzi wa katibu mkuu.

Viongozi wapya walikuwa na hoja, tena si dhaifu. Walisema mwenye mshahara ni mmoja kati ya wengi, kuli analipwa vizuri kuliko mkulima anayemlipia kodi, na nchi changa haiwezi kusimamishwa na watu elfu chache walioishika bandari. Mwalimu Nyerere aliirudia hoja hii kwa namna mbalimbali. Ugumu ni kwamba hoja hiyo inafanana mno na ile ya ofisa wa kazi wa 1948: mfanyakazi aliyeandikishwa, anayelipwa vizuri, mwenye chama kinachojulikana, awe mtulivu. Serikali huru hazikuhitaji kubuni chombo cha kumtuliza. Zilikikuta tayari, kimeshapakwa mafuta.

Na watu hawakutulia moja kwa moja. TANU ilipotoa Mwongozo, waraka wake wa sera, mwaka 1971, wenye kifungu cha 15 kilichokataza viongozi kuwa na majivuno na uonevu, wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikisoma kama sheria. Kwa miaka miwili mitatu waliweka vifaa chini mara kwa mara, aghalabu bila kudai senti moja ya nyongeza. Walidai meneja aliyewatukana aondoke. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, walikwenda mbali zaidi: walimweka mwenye kiwanda nje, wakaendesha kazi wenyewe. NUTA haikuongoza lolote kati ya hayo.

Bandarini kwenyewe mambo yaliamuliwa na sanduku la chuma. Makontena yalipoanza kutawala usafirishaji, kazi ya genge tumboni mwa meli ilibaki kwa dereva wa kreni na watu wachache, na idadi ya makuli wa kudumu ikashuka Mombasa na Dar es Salaam. Kibarua wa kutwa hakupotea. Amehamia kwenye bandari kavu na maghala, akiajiriwa kupitia wakala, akilipwa jioni, bila mkataba, kama babu yake.

Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kama kutokuwa na ajira ya kudumu kulikuwa nguvu mwaka 1947, mbona leo ni unyonge mtupu? Kwa sababu kile kilichokuwa kikimshikilia kibarua wa wakati ule kilikuwa nje ya lango la bandari: shamba la kumlisha, au chumba cha Majengo kwa kodi anayoimudu, na mtaa ambao mpishi, karani wa reli na kuli walikaa ua mmoja na kuzikana. Wa leo anakaa Chanika au Miritini, nauli inamla kabla ya kufika, chakula chote ananunua, na jirani yake anafanya kazi upande mwingine kabisa wa mji. Meli nayo haimngoji, inaweza kuelekezwa bandari nyingine kabla mgomo haujatimiza siku tatu. Wakala anaweza kumkosa kesho asijue hata kwamba amemkosa.